Anaandika kuhusu rambo, haandiki kuhusu habari: kisa cha Darasa la Sita

Naanza na karatasi moja maana kisa chote kimo humo. Ni ya kijana wangu wa darasa la sita, anakaa dawati la tatu upande wa ukuta, mwandiko wake mzuri tu, na swali nililotoa lilikuwa hivi: "Mwandishi ameipangaje habari yake, na kwa nini ameipanga hivyo? Toa mifano kutoka kwenye habari." Yeye akajibu hivi, naiacha kama ilivyo:

"Ilikuwa siku ya Jumamosi jua linawaka sana. Mifuko ya rambo ni mibaya kwa sababu inaziba mitalo na ngombe wanakula wanakufa. Mimi nawashauri watu waache kutumia rambo watumie kapu kwa sababu kuishi kwingi ni kuona mengi. Mama yangu ana kapu."

Basi. Imeisha hapo.

Nikacheka kwanza, hasa hapo kwa mama mwenye kapu, afu nikachukua karatasi ya pili, ya tatu, ya kumi, kicheko kikakata. Darasa lina watoto themanini na kitu na zaidi ya nusu walikuwa wameandika kitu kilekile, yaani rambo (mifuko ya plastiki) ni mbaya, tutunze mazingira, nawashauri wazazi. Wengine wameandika vizuri kabisa, sentensi zimenyooka, methali mbili tatu, lakini swali langu halijaguswa. Niliuliza kuhusu maandishi wao wakanijibu kuhusu mfuko.

Ngoja nieleze tulifikaje hapo, maana lawama nyingi ni zangu mwenyewe.

Mi ni mwalimu wa Kiswahili, shule ya msingi ya serikali, Dar. Muhula ule niliamua watoto wajue kutambua muundo wa matini, yaani mwandishi akikaa kuandika habari ya kueleza jambo huwa ana njia kadhaa za kuipanga. Anaweza kueleza tu kitu kilivyo, anaweza kufuata mfuatano wa wakati, anaweza kulinganisha vitu viwili, anaweza kuonesha sababu na matokeo, au analeta tatizo halafu suluhisho lake. Hizi tano sijazitunga mimi. Mmarekani mmoja anaitwa Bonnie Meyer alianza kuzichambua tangu miaka ya 1970, na mwaka 1980 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa darasa la tisa la huko kwao, wakaona wale wanaokumbuka habari kwa kufuata mpango wa mwandishi mwenyewe wanakumbuka mengi zaidi kuliko wale wanaookota vipande vipande. Na kwenye viwango vya masomo vya Marekani vilivyotoka 2010 mtoto wa darasa la nne anatakiwa aeleze muundo wa habari, wa la tano alinganishe miundo ya habari mbili tofauti. Nilivisoma usiku kwenye kishikwambi, vile tulivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022, nikajiambia kama la tano la kule wanaweza basi la sita langu lina nini.

Sasa kosa likaanzia hapo. Nikanunua manila, nikachukua maka pen, nikaandika maneno dokezi. Mfuatano: kwanza, kisha, baadaye, mwishowe. Sababu na matokeo: kwa sababu, kwa hiyo, ndiyo maana. Ulinganishi: lakini, tofauti na, vilevile. Tatizo na suluhisho: tatizo, changamoto, ili kutatua. Nikabandika ukutani, inapendeza, rangi tatu, mpaka mwalimu wa la tano akaja kuipiga picha. Watoto wakaishika ndani ya siku mbili tu. Nikitoa aya fupi wanasoma, wananyoosha mikono, "Madam, sababu na matokeo!", nami napiga tiki nikijua nimefundisha.

Kumbe nilikuwa nimefundisha watoto kuwinda maneno.

Niligundua siku niliyowaletea habari mbili ndefu kidogo, aya nne kwa tano hivi, zote kuhusu marufuku ya mifuko ya plastiki, nimezitunga mwenyewe. Nilichagua mada moja makusudi ili tofauti ionekane kwenye mpangilio peke yake. Habari ya kwanza nilienda na miaka: Zanzibar wakapiga marufuku 2006, Rwanda wakafuata 2008, Kenya wakaanza tarehe 28 Agosti 2017, halafu Aprili 2019 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akatangaza bungeni, na tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara nayo ikaanza. Habari ya pili nikaanza na mitaro inayoziba na mbuzi wanaokufa na rambo tumboni, aya inayofuata nikaeleza kwa nini rambo zilijaa vile, nyepesi, dukani unapewa bure, haziozi, ikaja aya ya marufuku yenyewe na faini zake, mtu wa kawaida akikutwa nao ni kuanzia shilingi 30,000 mpaka 200,000 au kifungo kisichozidi siku 7, nikamalizia na vikapu na mifuko mbadala.

Mtego wangu (kiukweli haukuwa mtego, ilitokea tu) ni kwamba kwenye ile ya miaka niliandika "kwa sababu" mara mbili, na kwenye ile ya tatizo kulikuwa na "kwanza", "baadaye" na "mwaka 2019". Wewe niambie walijibu nini. Darasa karibu zima likageuza. Ya miaka ikawa sababu na matokeo, ya tatizo ikawa mfuatano, na kila mmoja amepigia mstari neno lake dokezi kama ushahidi, kwa rula. Siwezi hata kumkatalia, maana kwenye manila yangu mwenyewe neno lipo.

Ndipo nikawapa lile swali la kuandika, nikapata rambo ni mbaya na mama ana kapu.

Nilikaa na zile karatasi wikiendi nzima, na nilichokuja kuona ni kwamba makosa yale mawili ni kosa moja. Mtoto anayewinda "kwa sababu" na mtoto anayeandika kuhusu kapu la mama yake wote wawili hawamuoni mtu aliyeandika. Kwao habari haina mwenyewe. Sikiliza wanavyoongea, hakuna anayesema "mwandishi amesema", wanasema "kitabu kimesema", kama vile kitabu kimeota shambani na maneno yake. Sasa kama hakuna mtu aliyekaa akachagua hii ianze hii ifuate, utamuulizaje mtoto "kwa nini ameipanga hivyo"? Nani ameipanga? Kwa hiyo anajibu kile anachoweza kujibu, yaani mada. Rambo anaijua.

Na ile "Ilikuwa siku ya Jumamosi jua linawaka sana" nayo ina asili yake. Mtoto wetu akisikia neno insha kichwani inawaka taa moja tu, masimulizi, na masimulizi yana mlango wake wa kuingilia: siku, jua, ndege wanaimba. Methali ni chumvi, unanyunyiza. Tumewafundisha hivyo sisi wenyewe na kwa masimulizi inafaa, ila hatukuwaambia kwamba kuna uandishi mwingine ambao hauna jua wala ndege.

Jumatatu nikatoa manila ukutani. Mmoja akauliza, "Madam umekasirika?" Nikamwambia sijakasirika, imenidanganya. Halafu nikawaonesha daftari langu, kaunta buku nililoandikia zile habari mbili, na makorokoro yote, mistari iliyokatwa, mishale, aya niliyoihamisha toka chini kwenda juu. Likapita dawati kwa dawati. Kelele zilizotokea hapo sijawahi kuzisikia kwenye kipindi cha Kiswahili. "Kumbe Madam ndo umetunga!" "Hapa alikosea!" "Kwa nini umefuta hii?" Eeh. Hilo swali la mwisho ndilo nililokuwa nalitafuta wiki tatu, na limekuja lenyewe.

Sasa nifike kwenye kipindi ambacho ndicho hasa kilichobadilisha mambo, nitakaa hapo kidogo.

Nilitaka wakate habari vipande wazipange upya, ndivyo wanavyoshauri wengi. Lakini kopi ni hela yangu mwenyewe, na darasa la themanini ukiligawa kwenye makundi ya kumi wanafanya watatu, saba wanapigana mateke chini ya dawati. Nikabadilisha. Nikaandika kila aya kwenye karatasi kubwa, nikaita watoto mbele, kila mmoja akashika aya yake kifuani kama bango. Mtoto ndiye aya. Watano wa mfuatano wakasimama upande wa dirisha, wanne wa tatizo upande wa mlango. Kazi ya darasa ni moja: namtoa mtu mmoja nje ya mlango, nyie mnaniambia nini kimeharibika.

Tukaanza na tatizo na suluhisho. Nikamtoa aya ya pili, ile inayosema rambo zilijaa kwa nini. Wakasoma iliyobaki kwa sauti. Kukawa kimya, halafu mmoja wa nyuma akasema, "Serikali imekuja tu ghafla." Sawa. Nikamrudisha, nikamtoa aya ya tatu, yenye marufuku. Hapo walijibu kwa pamoja, "Imekuwa malalamiko!" Mwingine akaongeza, "Na vikapu havijui vimefuata nini." Sikutegemea wataona haraka vile. Hakuna aliyetaja neno dokezi hata moja, na sidhani kama walikumbuka kwamba yapo.

Tukahamia kwenye mfuatano. Nikamtoa aya ya Kenya, ambaye ni kijana mmoja mchangamfu sana, mtu wa kujipanga mbele. Darasa likasoma: Zanzibar, Rwanda, Majaliwa bungeni, Juni 2019. Nikauliza kimeharibika nini. Wakatazamana. "Hamna kitu Madam." "Inaeleweka tu." Yule kijana kule mlangoni akasikia, akaingiza kichwa, amekasirika kwelikweli: "Kwa hiyo mimi sina kazi?"

Darasa likavunjika mbavu. Nikawaacha wacheke maana na mimi nilikuwa nafikiria. Kwa upande mmoja yuko sawa kulalamika, na kwa upande mwingine wenzake nao wako sawa, na hapo ndipo tofauti ya miundo hii miwili ilipo. Aya za tatizo na suluhisho zimeegemeana kama mafiga, ukitoa moja chungu kinamwagika. Aya za mfuatano ni kama abiria kwenye foleni, mmoja akitoka foleni inasogea tu. Nilikuwa nataka kulisema hilo niandike ubaoni nifunge kipindi.

Lakini binti mmoja wa dawati la mbele, mkimya, huwa ananong'ona mpaka umwambie paza sauti, akanyoosha mkono akasema: "Lakini Madam, bila Kenya hatuoni kwamba sisi tulichelewa."

Nikamwambia rudia. Akarudia. "Zanzibar kwanza, wakaja Rwanda, wakaja Kenya, sisi huku Bara tukaja mwisho. Akitoka Kenya tunaonekana tumechelewa kidogo tu."

Jamani. Habari niliiandika mimi, na mimi mwenyewe sikuwaza hivyo. Nilipanga kwa miaka kwa sababu nilitaka mfano wa mfuatano, basi, hamna kingine. Huyu mtoto ameona kwamba mpangilio unasema kitu ambacho hakuna sentensi hata moja kwenye habari inayokisema. Huo ndio uchambuzi wenyewe, umetoka kwa mtoto wa miaka kumi na moja, bila jua kuchomoza. Yule wa Kenya akarudi mstarini kifua mbele, akamwambia, "Umeona?"

Nikaiandika ubaoni sentensi yake, nimeinyoosha kidogo tu: "Mwandishi ameipanga habari kwa miaka ili tuone kwamba Tanzania Bara ilichelewa kupiga marufuku." Tukaivunja. Kuna alichofanya mwandishi, amepanga kwa miaka. Kuna ili. Halafu kuna kitu ambacho mpangilio huo unafanya kwa msomaji. Nikawaambia insha yenu yote ni kuilinda sentensi kama hii, basi.

Kuilinda kukawa kazi nyingine. Neno ushahidi kwao ni la polisi na mahakama. Nikajaribu kueleza, naona macho yanaenda dirishani, mpaka mapumziko nikapita karibu na kibanda cha maji nikawakuta wanabishana Simba na Yanga, mmoja anasema timu yake ndo kubwa mwingine anamkatalia, "Unasemaje kubwa, taja! Taja mechi!" Yaani watoto hawa hawakubali dai lisilo na ushahidi hata dakika moja likihusu mpira. Nikaingia nalo darasani vilevile. Mtoto akisoma sentensi yake darasa zima linaruhusiwa kumuuliza "Taja!", naye lazima aoneshe aya ya ngapi na maneno gani. Wakalipenda kupita kiasi, ikabidi niweke sheria ya "taja" moja kwa kila msomaji maana kuna mmoja alitajishwa mpaka akataka kulia.

Sasa nisiwadanganye kwamba baada ya hapo mambo yakateleza. Insha zilizofuata zote zilikuwa na "mwandishi ameipanga", nikafurahi nusu saa, nikaendelea kusoma. "Mwandishi ameipanga kwa tatizo na suluhisho ili tuelewe." "Mwandishi ameipanga kwa miaka ili tuelewe vizuri." "Ili tuelewe vizuri zaidi." Karatasi baada ya karatasi. Wameshika kiunzi, ndani hamna kitu. Ni manila ileile imerudi kwa mlango wa uani, maana mwanzo waliwinda "kwa sababu" na sasa wanabandika "ili".

Nikapiga marufuku "ili tuelewe", adhabu ni kuandika upya sentensi, hatufiki siku 7. Sheria niliyowapa ni hii: baada ya "ili" weka kitu ambacho huwezi kukisema kuhusu habari nyingine yoyote. Kama sentensi yako unaweza kuihamishia kwenye habari ya malaria au ya mlima Kilimanjaro na ikakaa vizuri, basi bado hujasema kitu. Hii iliwauma. Kuna waliokaa na kalamu mdomoni kipindi kizima wakatoka na sentensi moja, nami nikaikubali hiyo moja. Ila zilizotoka zilikuwa na uhai. Mmoja kaandika, "Mwandishi ameanza na mbuzi aliyekufa ili ukifika kwenye faini usione serikali imeonea watu." Hii ningejivunia kama ningeiandika mimi.

Kuhusu kusahihisha, maana najua mwalimu yeyote anayesoma anajiuliza hilo: themanini na kitu, insha za ukurasa mzima, haiwezekani usiku mmoja, hata wiki moja ni shida. Niliamua nasahihisha sentensi ya dai na ushahidi wake mmoja, kwingine napita. "Mitalo" niliiacha ikawa "mitalo" siku ile, nikaishughulikia kwenye kipindi cha imla. Kuna walimu wenzangu wataona ni dhambi, lakini mtoto akirudishiwa karatasi nyekundu tupu anaona kosa lake ni tahajia, atarekebisha r na l atakuletea insha ileile ya kapu imeandikwa kwa usahihi.

Mwalimu wetu wa taaluma, mtu mzima, namheshimu sana, aliniita ofisini. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba binti yangu, kaa." Akaniuliza kwa upole tu, mtihani wa darasa la saba sehemu kubwa watoto wanachagua herufi wanasiliba, tangu 2012 majibu yanasomwa na mashine, sasa wewe wiki sita unafundisha insha za uchambuzi zitakusaidia wapi? Sikuwa na jibu la kumshinda. Nilimwambia kwenye ufahamu kuna yale maswali ya kichwa cha habari kinachofaa na wazo kuu, na mtoto anayeona habari nzima imeegemea wapi hayumbi kwenye A na C. Akatikisa kichwa, akasema tutaona midtemu. Kwa haki yake, hoja yake ina uzito. Muda niliutoa mahali, na niliutoa kwenye mazoezi ya methali na vitendawili, na kuna wazazi walilalamika daftari la mazoezi halijai.

Habari ya mwisho niliyowapa ilikuwa ya kupima kama wamebeba kitu au wamekariri rambo. Nikaandika kuhusu sangara. Miaka ya 1950 na 1960 samaki huyu akapandikizwa Ziwa Victoria, akakaa kimya kwanza, kufika miaka ya 1980 amejaa, furu, samaki wadogo wa ziwani humo ambao walikuwa wa aina mamia kwa mamia, wakaliwa wakapungua vibaya na aina nyingi zikapotea, upande mwingine viwanda vya minofu vikasimama Mwanza, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, watu wa kawaida wakabaki kununua mapanki, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, na siku hizi bondo la ndani ya samaki lina bei kuliko nyama yake. Nikaweka neno "tatizo" aya ya pili, waziwazi, safari hii mtego ni wa kweli.

Wakagawanyika. Wengi wa upande mmoja wakasema tatizo na suluhisho, tatizo ni furu kuisha, suluhisho ni viwanda. Nikataka kuingilia nikajizuia. Wakaanza "Taja! Suluhisho liko aya ya ngapi?" Wakatajiwa aya ya nne, ya viwanda. Yule binti wa mbele akasimama, safari hii bila kunong'ona sana, akasema: "Viwanda vimemtatulia nani? Furu hajarudi. Hakuna mtu aliyetatua kitu, samaki amekula samaki, basi." Akakaa.

Mvulana mmoja ambaye kwao ni Mwanza akaongezea kwamba mapanki wanakaanga ni matamu, ambayo haikuhusu, lakini nikaichukua nikauliza, kwa nini mwandishi ameweka mapanki karibu na ndege ya Ulaya, si angeweka mwanzoni? Dakika kumi hazikutosha, kengele ikalia, mwalimu wa Hisabati amesimama mlangoni na makaratasi yake, watoto bado wananyoosha mikono. Nikawaambia ndiyo insha yenu ya nyumbani.

Zilirudi pungufu, kama kawaida, wengine hawana taa ya uhakika nyumbani, wengine wanalea wadogo zao. Lakini za waliorudisha nilizisoma siku hiyohiyo. Wapo bado wa "ili tuelewe", sita au saba. Wapo waliochanganya sababu na matokeo na mfuatano kwa sababu habari ina miaka, na kusema kweli hapo mpaka wa miundo hii hata kwa mtu mzima si mstari wa rula, mtoto akinitetea vizuri kwa ushahidi nampa alama hata kama mimi ningeita jina lingine. Jina la muundo siku hizi naona si kitu cha kufia, nataka kujua ameona nini.

Karatasi ya yule kijana wa kapu niliiweka mwisho makusudi. Nikaifungua.

"Ilikuwa siku ya Jumamosi jua linawaka sana. Mwandishi ameweka mapanki karibu na ndege ili tuone kwamba samaki mmoja nyama yake inaenda mbali na mifupa yake inabaki kwetu. Aya ya nne imesema minofu inapanda ndege na papohapo imesema watu wananunua mapanki. Angeweka mapanki mwanzo tungeona ni chakula tu."

Kesho yake nikamwita, nikamwambia umefanya kazi nzuri sana, sasa hii Jumamosi na jua vinafanya nini hapa kwenye sangara?

Akaniangalia kama mimi ndo sielewi. "Madam, hiyo ni ya kuanzia tu."